Moshi wa Vioo vya Simu

Pale Bula Pesa, mjini Isiolo, kibandani kwa Nakolong muuza chai, habari ilifika kabla mandazi hayajaiva. Madereva wa malori ya Garbatulla, akina mama wa miraa, Felix fundi wa simu mwenye meza yake hapo mlangoni, wote walikunywa chai kwake, na hakuna aliyeondoka bila kuacha neno. Nyuma ya kibanda mumewe Akal alifua bangili za shaba, zile walizokuwa wakiuziwa abiria wa Marsabit kupitia madirisha ya mabasi. Lakini tangu lami ipite, magari hayasimami. Bangili zilining'inia kwenye msumari zikipata kutu ya kijani.

Umbea uliowaponza ulianza na Leila, binti wa Awale mwenye malori, aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu anakosomea kemia. Aliweka simu yake mpya mezani, watu wakasifu rangi zake, naye akawaeleza. Vitaa vidogo vya kioo kama kile, alisema, zamani vilikuwa vinapoteza nguvu: katika sehemu nne za umeme, tatu zinakufa bure, zinaishia joto. Wataalamu wakatia chembe ya metali nzito, iridiamu au platinamu, katikati ya ile dawa inayowaka, na zile tatu nazo zikageuka mwanga. Ndiyo maana betri inakaa. Dereva mmoja akauliza hiyo metali inauzwaje. Leila, bila kufikiri, akasema iridiamu imeipita hata dhahabu.

Hapo ndipo angeulizwa: kwenye kioo kimoja iko kiasi gani? Lakini dhahabu ikishatajwa, nani tena ana masikio ya swali kama hilo?

Nakolong aliipokea habari ile akaitia chumvi na pilipili. Watu walipotoka msikitini Ijumaa, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba ndani ya kila simu iliyovunjika mna punje ya mali.

Akal aliisikia kwa mkewe, wakila. Hakucheka. Yeye tangu ujana alikuwa akitoa bangili kwenye nyaya zilizoungua na mabomba mabovu, na alishika imani moja: kila metali ina jasho lake, ukiipa moto wa kutosha itatoka. Kesho yake alimwendea Felix, akarudi na gunia la vioo vilivyokufa. Akavimimina kwenye chungu cha kuyeyushia, akavuta mvukuto.

Moshi uliotoka haukuwa wa makaa. Ulikuwa mzito, mtamutamu, unakaba koo. Chunguni kilibaki kitu cheusi kama lami iliyoganda. Akal akasema moto ulikuwa mdogo. Akaongeza makaa, na watu wa bodaboda wakazidi kumletea vioo.

Kikohozi kilianza asubuhi asubuhi, kikahamia mchana, mwishowe akawa analala ameegemea ukuta. Zahanati walimwambia aache huo moshi, la sivyo kifua kitafunga. Akarudi kwenye mvukuto wake.

Nakolong akaona maji yamefika shingoni. Alimwita Leila. Binti akaja, akatoa salaam aleikum, akaketi mkekani akamwambia Akal ukweli kwa adabu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Nanok, iko, lakini ni kama chumvi ya kidole umetupa kwa mto wa Ewaso. Hata uchome vioo vya Isiolo yote, haiwezi kujaza ukucha."

Akal akasema, "Lakini iko."

"Iko, baba."

"Basi."

Leila aliondoka macho yamelowa. Nakolong akabaki na silaha moja tu aliyoijua. Alivuka barabara kwa Zeinab muuza miraa, akamnong'oneza kwamba moshi wa vile vioo unamaliza nguvu za wanaume, hata anayevishika tu hatapona. Akamsihi sana asimwambie mtu. Ukitaka neno lizunguke Isiolo, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Watu wa bodaboda wakakoma. Felix akamwaga masalio yake shimoni na kuhamisha meza upande wa pili. Nakolong akashukuru Mungu.

Ila neno halina breki. Baada ya siku chache ikasemwa kwamba Akal anachanganya ile takataka kwenye bangili. Waliovaa wakavua. Kisha ikasemwa sufuria za chai zinakaa karibu na ule moshi, na madereva, wanaume wenye wake na mipango, wakaanza kunywa chai kwingine. Mama za miraa wakafuata. Zeinab mwenyewe alisalimia kutoka ng'ambo, amefunika pua na leso. Mabenchi yaliyokuwa yakigombewa yakalaliwa na paka.

Na kifua cha Akal hakikufunguka. Moto ulishazimika, lakini moshi ulikuwa umeshapata kwake pa kukaa. Mvukuto akiuvuta mara mbili anashika ukuta. Mtoto wao Nanok, aliye mwashi huko Burat, alikuja akamtazama babake, akatoka nje kulia.

Jioni moja Akal alimwita mkewe aketi karibu.

"Mama Nanok, wewe unajua watu wote wa hii mji. Nitafutie huyo alianzisha hii maneno."

"Ukimpata utamfanya nini?"

"Hakuna. Nataka tu aniambie nilimkosea nini."

Nakolong alitazama mikono yake mwenyewe. Akasema ataulizia. Akal akaitikia kwa kichwa, kikohozi kikamkamata, mkewe akamshika mgongoni mpaka kikapita. Kisha Nakolong akainuka, akaenda kuketi kibandani, ambako hakukuwa na mtu wa kuulizwa.