Hapana ya Nne

Kilichomponza Bwana Kiumars wa Kerman, Iran, hadi akaanza kuvuta kasumba, ile afyuni, ni adabu. Kwao mgeni hukataa mara tatu, ya nne anapokea, hata akipewa kasumba. Siku yake ya kwanza katika kikundi cha walioacha kasumba, aliwasimulia wenzake hayo. Hushang, dereva wa lori aliyeacha miaka kumi iliyopita, akamletea chai.

"Karibu chai, ndugu."

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Hapana."

"Unaniaibisha!"

"Hapana, bwana."

"Basi kwa ajili yangu, kaka!"

Jasho likamtoka Kiumars. "Nimesema sitaki, bwana wee! Huna masikio?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hushang akamkumbatia, kisha akainywa chai yote mwenyewe.

"Lakini chai naitaka kweli," Kiumars alinong'ona. "Naombaje?"

"Hilo tunafundisha Jumanne."