Diski Mbili za Singo

Mume wangu Seifu alirudi kutoka Kariakoo na diski mbili, shati limelowa jasho, anachekacheka peke yake. Kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima kilikuwa tayari kando ya ruta, kwenye korido ya fleti yetu ya Mchafukoge.

"Tunaziunganisha ziwe kama diski moja kubwa," akasema. "Mechi zote, muvi zote, zinaingia."

"Na moja ikifa?"

"Basi, vyote vimeenda. Lakini hizi mpya, Nasma, zife kwa nini?"

Nikamwambia sitaki. Zote mbili ziandike kitu kilekile, moja ikifa nyingine ibaki nacho, hata kama nafasi itapungua nusu, na mechi zake akaangalie kibanda umiza. Mle ndani ilikuwa inaingia video ya singo yangu, ile sherehe ya wanawake ya kumwandaa bi harusi, ambamo marehemu mama yangu, Chiku, anacheza na kunitania mpaka machozi yanamtoka. Video yenyewe ilikuwa kwenye flashi moja tu, nayo ilishaanza kugoma. Mama sina tena. Sauti yake iliyobaki duniani ni hiyo.

Nilidhani Mama Mdogo Kijakazi, aliyekuja kututembelea, angeniunga mkono. Wapi!

"Sehemu mbili?" aling'aka. "Singo ni ya wanawake, na mimi mle nimekata kiuno kisawasawa! Hiyo moja tu inanikosesha raha. Mkwe, fanya unavyotaka wewe."

Seifu akatoa meno yote nje. Nikamtazama tu. Ananijua, akapanga nilivyosema, nikahamishia video, kisha tukamfukuza akakae kwenye ngazi. Singo haiangaliwi na mwanamume, hata kama kisanduku kakiunga mwenyewe.

Mama akatokea kwenye TV, kanga kiunoni, anaimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Kando yake Mama Mdogo, kama hana mfupa. Tukacheka mpaka tukashikana. Hapo nikaenda koridoni, nikachomoa diski moja. Kisanduku kikaanza kulia ti-ti-ti.

Mama Mdogo akatokea mbio. "Nasma! Umefanya nini? Unamuua dada yangu mara ya pili!"

"Rudi ukatazame TV, Mama Mdogo."

Mama alikuwa bado anacheza. Hakukwama hata kidogo. Akazunguka, akanyoosha kidole kwenye kamera: "Mwanangu huyo, mnitunzie!" Akaendelea na wimbo wake.

Mama Mdogo akakaa sakafuni, analia huku anacheka, nami nikakaa pembeni yake. Kisha akajifuta uso kwa mtandio, akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Mkwe! Upo?"

"Nipo, mama!"

"Rudi Kariakoo ulete ya tatu. Hiyo itakaa kabatini kwangu."