Fundo la Mwape

Constantin Numbi hakuwa mtu wa maneno mengi, na watu wa gereji walimsifu kwa hilo. Fundi mzuri, walisema, anazungumza kwa mikono. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka huo wa 1952, magari ya samaki yaliyotoka Kasenga kuja Elisabethville yalimletea pia mashini za mashua, maana huko mtoni Luapula hapakuwa na fundi wa kuzifungua. Moja ilikuja na kolekta iliyopasuka, kile chuma kizito cha ubavuni kinachokusanya moshi kabla haujatoka nje. Kutu ilikuwa imekila kwa ndani. Numbi alitia kolekta mpya, akageuza na njia ya maji ya kuipoza. Mpira wa juu, uliokuwa ukimwaga maji nje, sasa uliyaingiza kwenye kolekta. Mpira mpya wa chini ulipaswa kuyatoa. Ncha yake aliiacha ikining'inia, kwa kuwa tundu la kuiunganishia lilikuwa kwenye mashua, na mashua ilikuwa Kasenga.

Mwape, dereva wa ile mashua, alipokuja kuchukua mashini, alitaka kuelezwa. Numbi alikuwa na haraka. Alimwambia, "Ukifika, ufunge mupira wa chini mbele ya kuwasha." Basi. Hakusema zaidi.

Wiki tatu baadaye mashini ilirudi juu ya gari la samaki, na Mwape hakurudi nayo. Kolekta ilikuwa imepasukia katikati ya maji mapana, mvuke ukamchoma Mwape kifua na uso. Aliishi siku mbili.

Mgiriki mwenye mashua na gereji alikuwa ameshapata maelezo yake. Dereva alikuwa mlevi. Ajenti wa polisi angekuja saa nane kuandika hivyo, na Numbi angetia sahihi kwamba kazi ilitoka gerejini ikiwa nzima. Numbi hakuona shida. Yeye mwenyewe aliamini. Tena alikuwa akingojea kadi ya heshima ya serikali, ile waliyopewa Waafrika wachache mno, na Mgiriki ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu.

Asubuhi hiyo akaja Laurentine, mjane wa Mwape, nywele zimenyolewa kwa msiba. Alisimama mlangoni hadi akakaribishwa.

"Baba Numbi, banasema bwana yangu alikuwa mulevi. Hakukunywaka pombe, hata siku moya. Watoto yake batabaki na ile jina?"

"Mama, pole sana. Mi sikukuwa kule."

"Mi nilikuwa. Ile siku yote alikuwa anarudilia neno yako, asiisahau. Ufunge mupira wa chini, ufunge mupira wa chini."

Numbi alimwomba aketi, akaenda kwenye mashini na kulivuta turubai. Mpira wa chini ulikuwa bado unaning'inia. Ncha yake ilikuwa imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi wa wavu, mizunguko mitatu iliyolala sawasawa, na fundo dogo gumu la wavuvi lililokazwa hata tone lisipite. Hakuna mlevi anayefunga hivyo. Mwape aliambiwa afunge, akafunga. Maji yakakosa pa kutokea, yakachemkia humo humo.

Numbi aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Neno moja tu, "ungisha" badala ya "funga", au hata kumshika mkono na kumwonyesha, na huyu mama asingekuwa amenyoa nywele. Akaukata mpira juu ya fundo, akautia mfukoni.

Saa nane ajenti alikuja na karatasi yake, Mgiriki pembeni akivuta sigara. Laurentine aliachwa asimame karibu na mlango. Ajenti akaisogeza kalamu mbele ya Numbi.

Numbi aliweka kipande cha mpira juu ya karatasi.

"Haikukuwa pombe," alisema. "Nilimuambia ufunge. Mi nilitaka kusema aungishe kwa mashua. Yeye alisikia azibe. Alifanya vile nilimuambia. Andika vile."

Mgiriki akaitoa sigara mdomoni. "Numbi, unajua unaharibu nini? Kadi yako. Kazi yako."

"Najua, bwana."

Ajenti akachana karatasi ya kwanza, akaanza nyingine, na safari hii Numbi alizungumza kuliko alivyopata kuzungumza maisha yake yote. Alieleza kila mpira, maji yalikotoka na yalikotakiwa kwenda, na neno lake lilikosea wapi. Alipomaliza alitia sahihi, akakirudisha kipande cha mpira mfukoni. Mgiriki alimwambia akusanye vyombo vyake.

Nje, Laurentine aliomba apewe kile kipande cha mpira, awaonyeshe watoto. Numbi akakitoa mfukoni, na vidole vyake vyenyewe vikaanza kulilegeza fundo, kama vilivyozoea kurekebisha kila kilichoharibika.

Laurentine akamshika mkono.

"Acha, baba. Alifunga muzuri."