Chaneli ya Bwana Tone

Bwana Tone alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya, na jina hilo alipewa na watu aliowachoma sindano. Kila aliyekaa kwenye kiti chake kutoa damu aliambiwa, "Tone tu, tone tu," hata kama mfuko mzima ulikuwa unamsubiri pembeni.

Ndiye aliyeanzisha chaneli ya wachangia damu mtandaoni. Hospitali ikipungukiwa, aliandika mstari mmoja kwenye simu yake, na watu wakatoka maofisini, sokoni na gerejini wakaja. Mwanzoni kila mwanachama aliweza kuandika humo. Wakaleta salamu za asubuhi, picha za maua, matangazo ya viatu na mabishano ya mpira. Siku moja ombi la damu lilizama chini ya mabishano ya penalti, na mtu aliyetakiwa akaliona kesho yake. Bwana Tone hakugombana na mtu. Aliifunga tu chaneli: aandike yeye peke yake, wengine wasome, na anayetaka kuingia abishe hodi mpaka yeye amfungulie.

Ilikuwa dawa nzuri. Hakuna aliyejiuliza siku mwenye ufunguo akiondoka itakuwaje.

Akaondoka ghafla. Moyo ulisimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini.

Mjane wake, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka. Alikuwa anatia vifungo kwenye sare za shule pale walipoingia watu wawili kutoka hospitali: Sista, msimamizi wa benki ya damu, na kijana aliyeshughulikia kompyuta, ambaye wote walimwita Kebo kwa sababu hakukosa waya mfukoni.

"Shemeji, tumekuja na shida," Sista alisema. "Friji yetu inaelekea kuwa tupu. Wachangiaji wapo, wanasubiri kuitwa, lakini hatuna pa kuwaitia. Chaneli inamsikia mumeo tu."

"Si mfungue nyingine?"

"Nimefungua. Waliojiunga hawajai hata kwenye benchi hili. Namba za wengine zote ziko kwenye simu yake. Na wodini kuna mtoto anahitaji damu ya aina adimu. Mwenye damu hiyo yumo humo ndani ya chaneli, ila simjui ni nani wala anakaa wapi."

Kebo akadakia, "Shemeji, nyumbani hapa kuna wifi?"

"Wifi ninaye, lakini hakai hapa," Mama Pacha alijibu. "Ndiye aliyechukua simu."

Kebo akajisahihisha. "Nilikuwa naulizia intaneti."

Sista alicheka, na Mama Pacha naye akatabasamu, japo jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha kwake. Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliichukua simu ile siku ya msiba kutoka juu ya kabati, mbele ya watu, bila kumwuliza. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa adabu na kuishia hapo hapo, kila mmoja na lake moyoni. Sasa ilimpasa aende akaombe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye aliona bora ainame yeye kuliko mtoto wa watu aharibikiwe. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akavaa viatu.

Wifi aliwapokea sebuleni. Simu ilikuwa mezani, juu ya kitambaa kilichofumwa, imechomekwa kwenye chaji. Haikuwa imezimwa hata siku moja.

"Kila jioni naipigia," alisema bila kuulizwa, akionyesha simu yake ndogo ya vitufe. "Naiacha iite. Ikiita najihisi kama yuko chumba cha pili anakuja kuipokea." Halafu akamtazama Mama Pacha. "Najua umenikasirikia."

"Nilikasirika, wifi. Leo sijaja kwa hilo."

Sista akaeleza habari ya mtoto. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akaisukuma simu katikati ya meza. Tatizo, alisema, ni namba ya siri. Yeye alishajaribu mwaka wa kuzaliwa marehemu, ikakataa. Akajaribu wa mama yao, ikakataa pia. Mama Pacha akajaribu wa watoto, akiwa na hakika kabisa. Simu ikatetemeka, ikaandika kwamba imebaki nafasi moja, kisha itajifuta yote.

Wifi aliinyakua. "Basi. Sauti yake imo humu. Picha zake zimo humu. Kujifuta hapana."

"Na mtoto je?" Sista aliuliza.

"Sikusema mtoto asipate damu. Nimesema hii isifutwe."

Mama Pacha alitaka kusema kwamba picha zile ni zake pia, za mumewe na wanawe, akaona wakati wake si huu. Badala yake akamgeukia Kebo. "Wewe ndiye fundi. Hakuna mlango wa nyuma?"

Kebo alikuwa anakuna kidevu. Alisema kwamba Bwana Tone hakupenda kuandika kwenye kioo kidogo, vidole vyake vilikuwa vinene, kwa hiyo aliiunganisha chaneli na kompyuta ya maabara. Jina lake lilikuwa bado limo kwenye kompyuta ile. Ila ukiifungua, inasema simu haiko hewani, iunganishe kwanza.

"Lakini inaita," wifi alisema.

"Kuita ni mambo ya laini, mama. Bando ndilo lililokwisha, na kuiwasha intaneti yake nako kunataka namba ya siri. Isipokuwa..." Akasimama. "Isipokuwa mahali ilipopazoea. Ikifika maabara itajiunga yenyewe bila kufunguliwa. Haijasahau njia ya kazini."

"Na haitajifuta?"

"Hatutaigusa."

"Basi nitaibeba mimi," wifi alisema, na akaifunga ndani ya kanga.

Maabarani waliiweka kando ya kompyuta, wakasubiri. Hakuna kilichotokea. Kebo akaipeleka dirishani, akairudisha, akainama chini ya meza kukagua taa za kile kiboksi cha intaneti. Zilikuwa zinawaka vizuri. Akainuka polepole, amejishika kiuno.

"Ni mimi," alisema. "Mwezi uliopita, baada ya msiba, nilibadilisha neno la siri la intaneti ya hospitali nzima. Simu bado inabisha hodi kwa neno la zamani."

"Rudisha la zamani basi," Sista alisema.

"Nikirudisha, hospitali nzima inakatika."

"Ikatike."

Akarudisha. Haikupita muda simu ya ukutani ikaanza kulia. Mhasibu aliuliza kama kuna mtu amekata waya. Mganga mkuu naye aliuliza, kwa sauti ya chini zaidi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Sista aliwajibu wote neno moja, "Subirini," akakata. Kebo hakuinua kichwa. Kwenye kioo cha simu, alama ndogo ya intaneti ikajitokeza, ikapotea, ikajitokeza tena ikatulia.

Kompyuta ikaanza kumimina ujumbe. Zilikuja rambirambi walizomtumia marehemu mwenyewe watu waliokosa pa kuzitumia. Zikaja hodi za waliotaka kuingia, zimepangana kama foleni ya zahanati. Kebo akabofya mahali, akamfanya Sista kuwa admini, mwenye ruhusa ya kuandika na kufungulia watu, kisha akampisha Mama Pacha kiti.

"Wa kwanza kuandika uwe wewe, shemeji. Ni haki yako."

Mama Pacha aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Hakujua kwamba huko waliko, wanachama walikuwa wanaona maneno "Bwana Tone anaandika" yakija na kupotea. Simu ya Sista ikalia. Alikuwa fundi gereji mmoja, sauti inamtetemeka.

"Sista, samahani. Mimi nilikuwa kwenye mazishi yake. Nilishika koleo kwa mikono yangu."

"Ni mkewe anaandika. Tulia, usome."

Ujumbe ukatoka: "Huyu ni mke wa Bwana Tone. Yeye tulimzika, msiogope. Hospitali inahitaji damu, na kuna mtoto anahitaji O hasi leo. Kuanzia sasa mtaitwa na Sista."

Wakati wanasubiri majibu, Kebo alipanda juu kwenye ujumbe wa zamani, wa kabla chaneli haijafungwa, akakuta sauti iliyorekodiwa. Akaiachia. Bwana Tone alikuwa anasema, kwa ukali wake wa upole, kwamba wenye pikipiki wasiegeshe mbele ya mlango wa maabara, kitanda cha mgonjwa hakipiti.

Wifi alikaa chini kwenye benchi. "Hivyo hivyo," alisema. "Hata nyumbani alikuwa anatupangia viatu mlangoni." Mama Pacha akamsogelea, wakaisikiliza mara ya pili wamebanana bega kwa bega. Kebo aliahidi kuihamishia kwenye simu zao wote wawili, na kwa wifi akasema itabidi kwanza wamtafutie simu ya kisasa.

Wa O hasi alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifika na chaki vidoleni, akaomba wamwahishe maana ameacha darasa likifanya zoezi. Nyuma yake walikuja wengine, benchi likajaa, na intaneti ya ofisi zote ikarudi kwa neno la zamani, ambalo Kebo aliamua kuliacha kwanza.

Wifi naye akajipanga kwenye foleni. Sista akamfunga mkanda wa presha, akatazama, akautoa.

"Leo haiwezekani, mama. Presha iko juu. Pumzika, urudi wiki ijayo."

"Presha hiyo ni ya leo tu."

"Na mimi leo ndiyo nimeipima."

Akabishana kidogo, akashindwa. Mama Pacha alimsubiri nje kwenye kivuli cha ukuta, akamwona anatoka na soda baridi mkononi, ingawa soda zilikuwa za waliochangia.