Picha ya Mtu Anayepasua Kuni

Randall Heikkinen alianguka mwezi wa Januari, kwenye ngazi za nyumba ya tisa katika mzunguko wake wa kugawa barua. Barafu ilikuwa imefunikwa na theluji mbichi, hakuiona. Bega la kulia likachomoka na mshipa ukakatika. Alikuwa ameitumikia posta ya serikali miaka ishirini na miwili.

Mimi ni Lois Perala, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapa mjini kwetu, kaskazini mwa Michigan. Mtu akiumia kazini, mimi ndiye ninayekaa naye kujaza fomu za fidia na kumkumbusha daktari aandike wazi kwamba jeraha limetokana na kazi. Daktari asipoandika hivyo, dai hukwama hata kama mkono umening'inia.

Dai la Randall lilikubaliwa, akakaa nyumbani akitibiwa. Lakini mwezi wa Machi nilipita kwake kupeleka karatasi, nikaona lundo la kuni ubavuni mwa nyumba, zimepasuliwa juzijuzi, refu kuliko mimi. Watoto wao, yeye na mkewe, wanaishi mbali. Nikajiuliza, kuni hizi kapasua nani? Sikumuuliza. Nilikunywa kahawa yake, nikawa namtazama bega kila alipogeuka.

Nimewahi kudanganywa. Kuna jamaa nilimpigania mwaka mzima kwa ajili ya mgongo, kumbe anaezeka mapaa kwa siri. Tangu hapo huwa siamini upesi.

Mwezi wa Aprili Randall alinipigia simu, sauti imekauka. "Dada Lois, ofisi ya fidia wameniandikia wanataka kusimamisha malipo. Wamenipa siku thelathini nijieleze. Eti kuna picha."

Picha niliiona kwenye jalada. Mtu amevaa koti jekundu la Randall, amegeuza mgongo, shoka ameliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikasema kimoyomoyo: huyu naye amenifanya mjinga.

Jumamosi nilikwenda kwake bila kutoa taarifa. Gari nililiacha mbali, nikatembea kwa miguu kama mwizi. Nikasikia shoka, paa, paa. Nikazunguka nyuma ya banda na kuliona lile koti.

"Randall!" nikapiga kelele. "Kumbe ndivyo!"

Koti likageuka. Alikuwa Bernice, mkewe, uso mwekundu, jasho linamtiririka.

"Ndivyo nini?" akauliza. Alinitazama viatu vilivyolowa, akatazama barabara isiyo na gari. "Lois, umekuja kunyatia? Kwangu?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni yeye. Hata kufunga zipu hawezi! Mimi namvisha suruali kila asubuhi, wewe unadhani anapasua kuni." Akakita shoka kwenye gogo. "Koti lake lina joto kuliko langu. Hilo nalo ni kosa kwa serikali?"

Randall alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Alitupisha tukaingia.

Pale mezani jikoni ndipo nilipokumbuka jambo. Wiki moja baada ya kuliona lile lundo, nilikuwa nimekaa na Kessler, msimamizi wetu, chumba cha mapumziko. Nilicheka nikamwambia, "Heikkinen ana kuni za kumtosha miaka mitatu. Sijui anazipasua kwa meno?" Kessler naye alicheka. Nilidhani ni mzaha, umekwisha; kumbe ndiye aliyepeleka habari, na ofisi ya fidia ikatuma mtu wa kupiga picha.

Ningeweza kunyamaza. Randall na Bernice walikuwa wanamshuku jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye kamera mlangoni, kwamba ndiye aliyewachongea.

"Si jirani," nikasema. "Ni mimi." Nikawaeleza yote.

Bernice aliinuka akazima jiko, kahawa haijachemka. Randall alikuna tone la nta juu ya meza kwa ukucha.

"Kwa nini hukuniuliza tu?" akasema. "Ulikuwa umekaa hapo hapo."

Nikamwambia siku thelathini zinakatika, na kama hanitaki nitamtafutia mwakilishi mwingine kutoka mji wa jirani.

"Wewe ndiye unayejua jalada," akasema. "Andika."

Tukaandika mpaka jioni. Bernice alitoa maelezo yake, akapigwa picha akiwa na koti lile lile na shoka lile lile, safari hii akitazama kamera, amenuna. Daktari akaongeza barua kwamba bega lile haliruhusu mkono kupanda juu ya kifua. Mwezi wa Mei ikaja barua fupi: malipo hayasimamishwi. Kuomba radhi hawakuomba. Kessler aliniuliza Heikkinen anaendeleaje, nikamjibu amuulize mwenyewe.

Julai Randall alirudi, kazi nyepesi, kupanga barua akiwa ameketi. Alinisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia karani. Fomu zake zilizobaki alizipeleka kwa mwakilishi wa mji wa jirani.

Nikajua mambo yangu na wao yamekwisha. Halafu mwezi wa Oktoba simu ikalia, Bernice, ananong'ona. Binamu yake, mfanyakazi wa hifadhi ya serikali, ameangukiwa na mti, hajui aanzie wapi kudai fidia.

"Randall hajui nakupigia," akasema. "Na Lois, nisikie vizuri. Kama una la kumuuliza binamu yangu, muulize yeye mwenyewe."

Nikachukua kalamu, nikamwomba jina na namba ya huyo binamu.