Moshi Nyuma ya Tuta

Kama siku ile ingebaki Jumamosi, kama ilivyotangazwa kanisani na gulioni, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mgeni rasmi alipata safari, na mgeni rasmi akipata safari kila kitu kinahama. Mashindano ya shabaha ya askari wa wanyamapori yakaletwa Alhamisi. Viti vya plastiki vilipelekwa, turubai likapelekwa, kreti za soda zikapelekwa. Habari haikupelekwa. Vijiji vya upande wetu wa Ugalla vilibaki na Jumamosi yao.

Mimi nilikuwa mpishi wa siku hiyo. Nilipanga mafiga yangu hatua chache nyuma ya mahali wanapolala wapigaji kulenga, kwa hiyo sikuambiwa mambo haya na mtu. Niliyasikia mwenyewe, na mengine niliyaona.

Mpigaji wetu tuliyemtegemea alikuwa Theopista, binti wa mzee Felisiani mrina asali. Msichana mkimya, mwenye jicho la kumwona digidigi kwenye majani makavu. Asubuhi ile hakunywa hata chai. Alikuwa ameshika simu, anapiga, anakata, anapiga tena. Ya baba yake haipatikani. Mwisho akampigia dada yake Katarina, aliyeolewa Ilembo, ambako mzee alikuwa anangojewa aende kutibiwa macho.

"Kasema anakuja kesho," Katarina akamwambia. Simu ilikuwa kwenye spika, upepo ulikuwa unavuma mno. "Anataka amalize kwanza kurina, maana Jumamosi nyie mnapiga."

Theopista akatazama mbele. Uwanja wetu ni ukanda wa nyasi zilizofyekwa, unashuka bondeni kisha unapanda mpaka kwenye tuta refu la udongo, mita mia sita kutoka hapa. Shabaha husimamishwa mbele ya tuta hilo, nalo ndilo linalomeza risasi. Upande wa kushoto masika yalikuwa yamelila tuta mpaka likabaki usawa wa kiuno cha mtu. Kila mwaka walisema watalijaza, na kila mwaka walinunua soda. Nyuma ya tuta ni pori la miombo, na ndani ya pori hilo ndimo iliko mizinga ya mzee Felisiani.

Akamfuata Afande Nashon, msimamizi wa uwanja.

"Afande, baba yangu anaweza kuwa porini leo. Wazee waliambiwa Jumamosi."

"Cletus anaenda kukagua," Nashon akajibu, jicho liko barabarani kwa mgeni rasmi. "Kazi yako wewe ni kupiga."

Cletus alikuwa koplo aliyehamia kwetu kutoka mjini, kijana mtanashati, buti zinang'aa. Theopista alimshika mkono kabla hajaondoka.

"Kaka, ukifika kule usiite. Mtu akiwa juu ya mzinga hajibu, hata umwite kwa jina lake la ubatizo. Angalia kwenye mashina. Akipanda anaacha katambuga zake za matairi chini ya mti. Ukiziona, ujue yuko juu."

"Sawa, dada Theo. Nimekuelewa."

Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyepanda kwenye mzinga hafungui mdomo, kwa sababu sauti ya mtu huwapandisha nyuki hasira. Mke wake anaweza kuja na habari kwamba nyumba inaungua, naye atasubiri pale pale shinani mpaka mumewe ateremke. Tunataniana kwamba mrina asali ndiye mume pekee asiyejibizana. Lakini miguu yake ikishagusa ardhi, ataongea mpaka umchoke.

Cletus alikwenda, akarudi na jasho. "Pori ni safi, afande. Hakuna mtu."

Niliona uso wa Theopista ukikunjuka. Alimwamini. Na mimi nilimwamini, nikarudi kwenye wali wangu.

Upepo siku ile haukuwa upepo wa kawaida wa kiangazi. Moto ulilala chini ya sufuria, turubai likawa linapigapiga kama linataka kuondoka, na mara mbili askari walikimbiza kofia ya mgeni rasmi. Vitambaa vilivyofungwa kwenye fito ili kuwaonyesha wapigaji mwelekeo wa upepo vilikuwa vimechanika vyote kule mbali. Vilibaki vya karibu tu, navyo vilielekea kulia. Mpigaji mmoja baada ya mwingine alilala chini akainuka na aibu. Nilisikia wakiulizana kama si bora waahirishe. Nani angemwambia mgeni rasmi?

Theopista alipiga mwisho, na shabaha yake ilikuwa ile ya kushoto kabisa. Kando yake alilala Maiko na darubini, kazi yake kumsomea upepo. Risasi ya kwanza ni ya kupima. Vitambaa vilisema upepo unasukuma kulia, kwa hiyo Theopista alilenga kushoto zaidi ili upepo umrudishie risasi katikati. Akavuta pumzi. Bunduki ikalia.

Hakuna vumbi lililoruka kwenye tuta. Kutoka kwenye handaki la waweka alama hakikuinuliwa kibao chochote.

"Hiyo imeenda kurina asali," Maiko akasema.

Ndio utani wa uwanja ule kwa risasi iliyopita tuta. Watu wa kwenye turubai wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Theopista hakucheka. "Imepita wapi?"

"Kushoto kabisa, pale tuta lilipoliwa. Huu upepo wa hapa unatudanganya. Kuanzia bondeni unageuka, unasukuma kushoto. Ona, kuna moshi kule nyuma ya tuta, umelalia kushoto. Usome huo, achana na vitambaa."

"Nani kawasha moto?"

"Kiangazi hiki, dada, pori gani haliungui?"

Akausoma moshi. Akalenga kulia, na risasi ikaingia kwenye duara. Ya pili ikaingia. Moshi ukiinama sana alisubiri, ukiinuka kidogo alipiga, na kila alipopiga kibao cheupe kiliinuka kwenye handaki. Watu wakaanza kusimama kwenye viti. Mgeni rasmi aliuliza jina lake, akaambiwa, akaliuliza tena. Ilibaki risasi moja, na ushindi ulikuwa wetu hata akiitupa hovyo.

Maiko alikuwa amelewa furaha. "Asante moshi," akasema, jicho bado kwenye darubini. "Tena mwanzo ulikuwa uzi tu, juu kwenye matawi. Nikadhani ni vumbi. Ulipopiga ile ya kwanza ukaporomoka chini, ndipo ukanenepa."

Niliona kidole cha Theopista kikitoka kwenye kifyatulio.

Moto wa pori hauanzii juu ya mti. Kinachofuka juu ya mti ni kienge cha mrina asali, kile kifurushi cha magome makavu anachowapulizia nyuki. Na hakuna mrina asali anayekiachia kienge kianguke kwenye nyasi kavu, labda mkono wenyewe umekataa.

Alitoa risasi kwenye bunduki, akailaza chini, akasimama. Hakupiga kelele.

"Cletus," akasema. "Uliangalia shina kwa shina?"

Cletus akamtazama Nashon, kisha buti zake. "Niliita, dada. Niliita sana. Hakuna aliyejibu."

Mdharau mwiba mguu huota tende, husema wazee, ila siku ile mguu ulioota tende haukuwa wa Cletus. Theopista alishaanza kwenda. Kuvuka mstari wa wapigaji ni kosa kubwa kuliko yote uwanjani, na Nashon alimwita kwa cheo chake, kisha kwa jina lake. Alipoona hageuki akaamuru bunduki zote zilazwe chini. Mimi nilimfuata nikiwa na mwiko mkononi. Sijui kwa nini sikuuacha.

Alikimbia kwenye bonde lile huku akinong'ona jambo moja, na nilipomkaribia nikalisikia. "Asijibu. Mungu wangu, nikimwita asijibu."

Nilimwelewa, na nikaanza kuomba vilevile. Kimya kingekuwa habari njema. Kimya kingemaanisha mzee yuko juu kwenye tawi lake, kienge kimemponyoka kwa upepo tu, anawalaani askari moyoni, mdomo ameufunga.

Tulipita pale tuta lilipoliwa. Moshi ulituziba macho. Moto ulikuwa unakula nyasi kwa mstari mwembamba, unaelekea kushoto, na nyuki walikuwa hewani wengi, wamekasirika. Theopista akasimama, akaita kwa sauti yake yote.

"Baba."

Upepo. Miti ikilalamika. Hakuna aliyejibu, na nikaona mabega yake yakishuka.

Tukasonga mbele ndani ya moshi, kisha tukaziona katambuga. Zilikuwa chini ya mninga mkubwa, zimepangwa pamoja kama mtu anavyoziacha nje ya mlango. Theopista aliinua uso kuelekea mzinga. Mzinga ulikuwa umepasuka, asali inateremka kwenye gome. Kwenye tawi hapakuwa na mtu.

"Baba," akaita tena, safari hii polepole, kama anaogopa kusikiwa.

"Naam, Theo."

Sauti ilitoka chini, kwenye nyasi, hatua chache kutoka tulipokuwa. Mzee Felisiani alikuwa amelala chali, mikono yote miwili ameibana ubavuni, damu inapita katikati ya vidole, nyuki wanamtembea usoni wala hawafukuzi. Alimtazama binti yake katika sare yake ya mashindano, akashangaa kwa dhati kabisa.

"Si mlisema Jumamosi?"