Tarumbeta Nyuma ya Mkurugenzi

Mama mwenzangu, kama mwanao ana kipaji cha kuchekesha watu, mfundishe mapema kuangalia anayechekwa ni nani. Naandika haya yasije yakampata mwingine.

Mwanangu Kasmir alipenda katuni tangu mdogo. Sinema za mjini zilitanguliza katuni kabla ya picha kubwa. Wenzake wakitazama mbwa anaanguka, yeye anafumba macho asikilize. Bakili, jirani yetu hapa Mchikichini, alikuwa fundi wa mashine ya sinema. Ndiye aliyemweleza kwamba zamani katuni hazikuwa na sauti, mtu alikaa chini ya pazia akizipigia kinanda. Baadaye zikaja bendi nzima. Mnyama akinyanyua mguu, kuna chombo cha muziki kinanyanyua sauti naye. Akiteremka ngazi, muziki nao unateremka.

"Ndiyo maana unacheka kabla hujajua unachekea nini," Bakili alimwambia.

Basi Kasmir akakua na jambo hilo kichwani. Alipojua kupiga tarumbeta aliiziba mdomo kwa kikombe cha bati, akakaa barazani kuwapigia wapita njia waendao Kariakoo. Mchukuzi wa gunia anapata mlio mzito, bibi wa kanga mpya anapata wa madaha. Watu hawana mbavu. "We Kasmir, na mimi nipigie!"

Mwaka themanini na tatu ukaja msako. Asiye na kitambulisho cha kazi ni mzururaji, anapandishwa lori kwenda shamba. Na kupiga tarumbeta barazani, nani ataiita kazi? Mzee Zahoro, kiongozi wa bendi ya shirika moja la umma, akaniambia, "Mama Kasmir, mlete Jumamosi kwenye sherehe yetu. Akipiga vizuri, kitambulisho anapata." Shati la Kasmir nililipiga pasi mwenyewe.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kitambi. Aliposhuka garini bendi ikaanza wimbo wa kumkaribisha, na Kasmir akapiga kama wenzake, vizuri tu. Mkurugenzi akaanza kupanda ngazi za jukwaa. Tarumbeta ikapanda naye. Akasimama kuhema, ikahema. Akafuta jasho, ikatetemeka. Wakacheka watoto, wakacheka makarani. Mkurugenzi mwenyewe akacheka, mpaka alipogeuka akamwona naibu wake amejishika tumbo kwa kicheko.

"Huyu nani?"

Mzee Zahoro akainamisha kichwa. "Simjui, Ndugu Mkurugenzi. Kajipenyeza tu."

"Mzee, si wewe uliyeniita?" Kasmir akauliza.

"Kijana, usinilishe maneno!"

Na wale waliokuwa wakicheka? Kila mtu anatazama viatu vyake.

Wiki haikwisha, msako ukamkuta Kasmir bombani anachota maji. Nilikimbia kwa Zahoro, lori bado liko kituo cha polisi.

"Baba, njoo useme neno moja tu, kwamba ulimwita kazini."

"Mama Kasmir, na mimi nina watoto."

"Na wangu ni mbwa?"

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa. Heri angeubamiza.

Niliporudi kituoni lori lilikuwa limewashwa. Kasmir alisimama katikati ya wanaume wengine, akanipungia mkono kama anayekwenda matembezi, nisilie. Wakampeleka kwenye mkonge. Alirudi vuli imekwisha, amekonda, viganja vimechanikachanika. Sasa anabeba magunia kwenye ghala moja Kariakoo, kitambulisho anacho.

Majirani hawana haya. "Kasmir, tupigie kidogo bwana, tucheke!" Juzi Seifu wa nyumba ya pili alikuja kumwomba apige kwenye harusi ya dada yake. Hakukataa. Alimuuliza kwanza watakuwepo akina nani. Seifu akawataja wajomba, mashangazi, majirani, hadi watoto, hamna mkubwa wa kazi hata mmoja. Kasmir akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia labda siku nyingine.